Benchi chini ya mwembe: huduma ya kikohozi katika zahanati ya mtaa wetu, Mtwara

Katika msimu wa kusi wa mwaka huu, tangu Juni hadi Septemba, nimekwenda mara tatu na watu wa nyumbani kwangu katika zahanati ya mtaa wetu, iliyo upande wa Mikindani katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani, na mara zote tatu kilichotupeleka kilikuwa kikohozi. Naandika tathmini hii kwa ajili ya wazazi wenzangu ambao, kila mafua yanapoingia mtaani, hujiuliza kama ni busara kumtoa mtoto kitandani na kwenda kumkalisha mahali palipojaa wagonjwa wengine. Mimi mwenyewe mwaka jana nilikuwa nimekwisha kujijibu, na jibu langu lilikuwa kwamba ni heri kubaki nyumbani.

Nieleze kwanza hali ilivyokuwa. Zahanati yetu ina ukumbi mmoja mwembamba wa kusubiria, na humo mlikuwa na mabenchi mawili yaliyotazamana, yamekaribiana kiasi kwamba waliokaa walilazimika kupishanisha magoti. Mjamzito aliyekuja kliniki, mzee wa presha, mtoto wa kidonda na mtu anayekohoa hadi machozi yakamtoka, wote walisubiri humo humo, na yule anayekohoa alimkoholea aliyekaa mbele yake kwa sababu hapakuwa na upande mwingine wa kugeukia. Madirisha yalikuwa wazi, hilo silikani, lakini wavu wa mbu uliopigiliwa juu yake ulikuwa umeshika vumbi la miaka mingi. Ukiusogezea kiganja husikii hata pumzi ya upepo, na huko nje kusi inayumbisha minazi. Mwanangu mkubwa alikwenda pale kusafishwa kidonda cha mguu, tukakaa tangu saa mbili hadi saa tano asubuhi. Siku ya tatu akaanza mafua na homa, siku mbili baadaye akafuata mdogo wake, kisha mimi. Siwezi kuapa kwamba aliyapata ukumbini, kwa kuwa homa ya mafua huchukua kati ya siku moja na nne tangu imwingie mtu hadi ianze kuonekana, na katika siku hizo alikuwa pia shuleni na madrasa. Hata hivyo nilitoka na woga, na jirani zangu wengi walikuwa nao pia, hata ikawa watu wanakwenda duka la dawa kununua vidonge kwa kukisia.

Mwaka huu mambo yamebadilika, na mabadiliko yanaanzia getini. Pamewekwa meza ya mbao na nyuma yake ameketi mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwanamama wa mtaa wetu huu huu, ambaye humuuliza kila anayeingia swali moja kwa sauti ya kawaida: kati yenu, nani anakohoa au ana mafua na homa? Anayejibu kwamba ni yeye hupewa barakoa na kadi nyekundu yenye namba, kisha huonyeshwa benchi lililo chini ya mwembe, upande wa kushoto wa uwanja. Asiye na kikohozi hupewa kadi nyeupe na kuingia ukumbini. Wa mwembeni hawapiti ukumbini kabisa, kwa sababu chumba cha mwisho cha jengo kina mlango wa nje, na humo ndimo mganga anamowaonea.

Kwa maoni yangu, jambo lililoufanya utaratibu huu ufaulu ni zile namba. Ilikwisha kujaribiwa huko nyuma kuwatenga wanaokohoa, nasi tukiambiwa tukae pembeni, lakini aliyekaa pembeni alisahauliwa. Waliokuja nyuma yake wakaingia, wakaonwa, wakachukua dawa na kuondoka, naye bado ameketi na mtoto wake mwenye homa. Watu wakajifunza kukibana kikohozi mpaka wafike kwa mganga. Sikuwahi kuwalaumu, maana nami nilifanya hivyo hivyo: nilimfunika mwanangu kwa khanga, nikamwambia akohoe polepole. Mtu hafichi ugonjwa wake kwa kutaka kuwadhuru wenzake. Anauficha kwa sababu akiusema ataumia yeye. Sasa mhudumu anaita nyekundu moja, nyeupe moja, kwa zamu, na aliye mwembeni ana hakika ya zamu yake kama aliye ukumbini, hivyo hana sababu ya kusema uongo pale getini. Nilipokwenda mara ya kwanza nilihesabu watu kumi na mmoja wenye kadi nyekundu, na hakuna hata mmoja niliyemwona akibishana.

Mabenchi yenyewe yamepangwa yote yakitazama upande mmoja, nafasi kati ya moja na jingine ikiwa kama hatua mbili, na familia moja hukaa pamoja. Jambo hili linaonekana dogo, lakini matone mazito yanayotoka mtu akikohoa au kupiga chafya huanguka ndani ya mita moja hadi mbili hivi, ilhali yale membamba sana huelea hewani na kukaa muda mrefu ndani ya chumba kisichopitisha hewa. Chini ya mwembe, kusi inayachukua yote. Hakuna ukumbi wowote wa zahanati, hata uwe na feni, utakaolingana na upepo huo ambao hatuulipii chochote.

Kuhusu barakoa naweza kusema kwa undani kidogo, kwa kuwa kazi yangu ni kushona, na mwaka 2020, baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini tarehe 16 Machi, cherehani yangu haikushona kitu kingine kwa wiki nyingi. Zinazotolewa getini ni zile za hospitali zenye tabaka tatu, rangi ya buluu ikikaa nje, na ukingo wa juu una kijiti laini cha kubana puani. Mhudumu hakuishia kunipa. Alinionyesha jinsi ya kukiminya kijiti kile kifuate umbo la pua, na kuivuta mikunjo chini hadi kidevuni. Kwa mtu mzima inakaa vizuri. Kwa watoto inapwaya mno mashavuni, na mtoto wa miaka mitatu huivua kabla hujageuza shingo. Kwa watoto wadogo wao hawalazimishi, wanamwomba mzazi amgeuze mtoto amwelekee kifuani na awe na kitambaa mkononi, na naona huo ni uamuzi wa busara kuliko kugombana na mtoto anayeumwa.

Kando ya meza ya mhudumu kuna kibuyu chirizi, na kwa kuwa watu wengi hukipita wakikiona ni kitu cha shule za vijijini, ningependa nikieleze. Ni dumu la lita tano lililotobolewa tundu dogo karibu na shingo, likaning'inizwa kwenye mti uliolazwa juu ya panda mbili. Kamba imefungwa shingoni mwa dumu na kushuka hadi kwenye kijiti kilichoegemea ardhini. Ukikikanyaga, dumu linainama na maji yanachuruzika, ukiachia linarudi. Mkono haugusi koki wala mfuniko, na hapo ndipo uzuri wake ulipo, kwa sababu ndoo yenye koki hushikwa kwanza na mkono mchafu wa kila mtu, kisha mkono uliokwisha kunawa hurudi pale pale kuifunga. Sabuni ni kipande cha mche kilichotiwa ndani ya mfuko wa chandarua kuukuu na kuning'inizwa kwa uzi, ili isianguke mchangani na isibebwe. Chini pamemwagwa kokoto ili pasiwe na tope. Mwanangu alikikanyaga kijiti kile mara tatu kwa furaha, na mhudumu akamwimbisha hesabu ya moja hadi ishirini huku anasugua katikati ya vidole, maana muda unaoshauriwa ni kama sekunde ishirini na mtoto hajui sekunde. Dumu hilo ndilo kitu cha kwanza nilichokiiga nyumbani. Lilinichukua asubuhi moja na halikunigharimu zaidi ya kamba.

Ziara ya kwanza ilikuwa ya mwanangu huyo wa mwisho, wiki ya pili ya Juni. Alikuwa na siku mbili za mafua, homa ya usiku na kikohozi kilichomfanya atapike uji. Tulisubiri kwa muda wa saa moja na dakika kama kumi. Nesi alimpima joto na uzito, kisha akamtoboa kidole kwa kipimo cha haraka cha malaria, kwa kuwa huku kwetu mtoto mwenye homa hapimwi kwa macho. Malaria haikuonekana. Baada ya hapo alifanya jambo ambalo katika miaka yangu yote ya kulea sikuwahi kulishuhudia likifanywa kwa utulivu namna ile: aliniambia nimpakate mtoto, nimpandishe fulana hadi makwapani, nisimsemeshe, akaweka saa mbele yake na kukitazama kifua kwa dakika nzima, midomo yake ikihesabu bila sauti. Akasema, "Thelathini na sita, mama. Kwa umri wake tunaanza kuogopa ikifika arobaini." Akanionyesha na mimi mahali pa kutazama, chini ya mbavu, na kunieleza kwamba pakibonyea ndani kila anapovuta pumzi nisingoje kesho.

Hesabu hizo zinafaa zijulikane na kila mzazi, na nimezibandika ukutani karibu na cherehani. Mtoto wa chini ya miezi miwili akivuta pumzi mara 60 au zaidi kwa dakika, wa miezi miwili hadi kumi na moja mara 50 au zaidi, na wa mwaka mmoja hadi mitano mara 40 au zaidi, huyo anahofiwa nimonia na lazima aonwe siku hiyo hiyo. Ahesabiwe akiwa ametulia, asiwe analia wala ananyonya. Mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege, au aliyelegea asiamke vizuri, huyo hahitaji kuhesabiwa. Anapelekwa hata kama ni usiku wa manane.

Tulirudi nyumbani na panado ya maji iliyopimwa kwa uzito wake na maelekezo ya kumpa vinywaji mara kwa mara. Antibayotiki hatukupewa, na kusema kweli nilisikitika, kwa kuwa nilikuwa nimezoea kwamba kutoka zahanati bila kapsuli ni kutoka mikono mitupu. Mganga alikaa na mimi akanieleza kwamba mafua ya namna ile huletwa na virusi, ambavyo antibayotiki haiviui, na kwamba nikimpa zile kapsuli zilizobaki kabatini nitaifundisha bakteria iliyo mwilini mwake kuizoea dawa, ili siku atakapopata nimonia ya kweli dawa imshinde. Aliniruhusu asali kijiko kimoja kidogo jioni, kwa kuwa mtoto amekwisha kuvuka mwaka mmoja. Wa chini ya mwaka asipewe asali kabisa. Mtoto alipona siku ya sita. Kapsuli za kabatini niliziondoa.

Sehemu nyingine ya ziara hiyo iliyonifurahisha ni kwamba nesi aliomba kadi ya kliniki kabla hajaandika chochote. Alitazama kama mtoto alikamilisha chanjo ya kukinga nimonia, ile ya nyumokokasi inayotolewa nchini tangu mwaka 2013 katika wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne, pamoja na ile ya pamoja yenye kinga ya kifaduro na ya Hib, bakteria mwingine anayeleta nimonia, na ya surua. Mama aliyekuwa mbele yetu alikuwa na mtoto aliyekosa dozi moja kwa sababu ya safari ya kwenda kuokota korosho kwa wazazi wake Tandahimba, naye hakufokewa, alipangiwa siku. Chanjo ya mafua yenyewe haimo katika ratiba hiyo, na ndiyo maana mambo haya ya benchi, barakoa na sabuni yana uzito mkubwa kwetu.

Ziara ya pili nilikwenda kwa ajili yangu, katikati ya Julai, wakati baridi ya asubuhi ilikuwa imekolea na nusu ya wateja wangu walikuwa wanapiga chafya juu ya vitambaa walivyoniletea. Swali la kwanza la mganga lilinishangaza: je, nyumbani mnapuliza salfa? Katika miezi ya Juni hadi Agosti wenye mikorosho hupuliza salfa kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho, na vumbi la salfa hiyo huwasha koo, macho na kifua. Kikohozi chake huja siku ya kupuliza, hakina homa, na hakiambukizi mtu. Mwenye kikohozi cha salfa anaambiwa afunike pua na mdomo shambani, asimame upande upepo unakotoka na abadilishe nguo kabla ya kumshika mtoto. Kikohozi changu hakikuwa cha namna hiyo, kwa kuwa nilikuwa na homa na mwili wote uliuma. Nilishauriwa nisikae na wateja kwa siku tano, na nilivyo mama wa nyumba ya vyumba viwili, tulizungumza hasa juu ya mahali pa kulala.

Ningependa kuliandika shauri hilo lote, kwa kuwa lilitolewa na mtu anayezijua nyumba zetu. Hakuniambia nijitenge katika chumba changu, kwa sababu alijua sina. Aliniambia watoto walale na bibi yao, na kama mmoja hakubali kuachana nami basi tulale mzungu wa nne, kichwa changu kwenye miguu yake. Niwe na kikombe changu, nikohoe kwenye kiwiko au kitambaa, na barakoa niivae ninapopika na ninaponyonyesha kama ningekuwa na mchanga. Dirisha lifunguliwe. Hapo palitokea ubishi nyumbani, kwa kuwa mama mkwe anaamini, kama wazee wengi wa huku, kwamba upepo wa kusi ndio unaoleta kifua, na tangu Juni hadi Agosti nyumba yake ya mawe yenye vidirisha vidogo hufungwa tangu magharibi. Baridi humsumbua mzee, hilo ni kweli, ila mafua huyatoa mtu na kumpa mtu, na nyumba iliyofungwa ndiyo inayomrahisishia kazi. Tulipatana kama mhudumu alivyotushauri: dirisha la upande usiopigwa na kusi hubaki wazi usiku kucha na chandarua hushushwa, mchana milango na madirisha yote hufunguliwa, na mzee huongezewa blanketi. Mara hii walioumwa nyumbani baada yangu ni mtu mmoja tu. Sisemi ni ushahidi. Nasema ndivyo ilivyokuwa.

Ziara ya tatu ilikuwa ya mama mkwe huyo huyo, mwanzoni mwa Septemba. Alikuwa amekohoa kwa wiki tatu, nasi tulikuwa tukisema ni mafua yaliyochelewa kuondoka. Pale getini, baada ya shikamoo na kumpa pole, mhudumu aliongeza swali la pili ambalo huwauliza watu wazima wote wa kadi nyekundu: bibi, umeanza lini? Kikohozi cha wiki mbili au zaidi hakichukuliwi tena kuwa cha msimu. Alipewa kikopo, akaelekezwa aende nyuma ya jengo, mahali pa wazi penye jua, avute pumzi ndefu na kukohoa kutoka chini ya kifua, kwa kuwa mate matupu hayafai kupimwa. Makohozi yalipelekwa kwenye maabara kubwa, na siku ya nne tukajulishwa kwamba hana kifua kikuu. Mganga aliona tatizo lake ni moshi wa kuni katika jiko letu lisilo na dirisha, na sasa anapikia nje. Nilifarijika mno kwa majibu hayo, lakini nilibaki nikiwaza ni wangapi wamekaa katika ukumbi ule wa zamani wakiwa na kikohozi cha mwezi mzima, goti kwa goti na wajawazito, bila mtu yeyote kuwauliza wameanza lini. Matibabu ya kifua kikuu hapa nchini hutolewa bila malipo, kwa hiyo kinachokosekana mara nyingi ni swali lile tu.

Nimesifu vya kutosha, na sasa niseme yanayonikera, maana yapo na mengine yanaharibu kazi nzuri iliyofanyika.

Kubwa kuliko yote ni kivuli. Asubuhi mwembe hufunika mabenchi yote, lakini ikifika saa tano jua limekwisha kuzunguka na benchi la mbele na la kati yako katika jua kali. Katika ziara ya pili niliona kwa macho yangu jinsi utaratibu unavyovunjika: mama mwenye mtoto mwenye homa alivumilia kidogo, akasogea, akasogea tena, hatimaye akaingia ukumbini na kadi yake nyekundu, na baada yake wakaingia wengine wanne. Mhudumu alikuwa peke yake getini na hakuweza kuacha meza. Nani angewalaumu? Mtoto mwenye joto la kutisha hawezi kukalishwa juani. Turubai moja na nguzo nne zingemaliza tatizo hili, na nimelisema katika kikao cha mtaa.

Pili ni dirisha la dawa. Kazi yote ya kuwatenga watu tangu getini inaishia pale, kwa sababu wa kadi nyekundu na wa kadi nyeupe hukutana kwenye dirisha moja lililo ndani ya ukumbi, wakibanana na kunyoosha mikono juu ya mabega ya wenzao. Wakati mwingine nesi huwaletea dawa wagonjwa wa mwembeni mikononi mwao, lakini hufanya hivyo akiwa na nafasi, na siku yenye watu wengi hana. Ningeshauri dawa za wa nje zitolewe katika chumba kile kile wanachoonewa, kwa kuwa nyingi ni panado na chumvi za kuongeza maji mwilini, wala hazihitaji stoo kubwa.

Tatu, Jumamosi niliyokwenda kuchukua majibu ya mama, kibuyu chirizi kilikuwa kitupu na mfuko wa sabuni haupo. Niliambiwa anayekijaza hafanyi kazi mwisho wa wiki. Wagonjwa hawapumziki Jumamosi, na dumu la lita tano hujazwa na mtu yeyote aliye karibu na pipa.

La mwisho nalisema kwa huruma. Katika ziara ya pili mmoja wa watumishi alikuwa na mafua yeye mwenyewe, sauti imemkauka, na barakoa yake ameishusha kidevuni kwa sababu ilimzuia kupumua. Najua hakuna wa kumshikia zamu, na najua angebaki nyumbani ingekuwa sisi ndio tunaolalamika kwamba hatukuhudumiwa. Lakini mtu mwenye homa ya mafua huanza kuambukiza karibu siku moja kabla hajajisikia vibaya na huendelea kwa siku tano hadi saba hivi, na mtumishi wa zahanati hushika watoto wengi kwa siku moja kuliko mtu mwingine yeyote mtaani. Wanaopanga zamu katika ngazi za juu walifikirie hilo.

Huduma ya nje ya jengo siwezi kuipima vizuri kwa kuwa sikuiona yote, ila mambo mawili nimeyaona. Likizo ya Juni, wakati watoto wa mtaa wa nyuma walipoingizwa unyagoni, mhudumu alikwenda kwa kungwi kabla ya siku yenyewe, kwa heshima zote na zawadi ya sabuni, akaomba mambo matatu: kila mwali awe na kikombe chake badala ya kata moja inayozunguka, nyumba wanayolala ifunguliwe mchana, na mwali akianza homa apewe mkeka wake pembeni na mzazi ajulishwe. Kungwi alikubali, kwa sababu hakuna hata moja kati ya hayo lililogusa mila. La pili ni la baraza la kahawa karibu na msikiti, ambapo kwa miaka vikombe vimekuwa vikisuuzwa katika ndoo moja ya maji ambayo kufikia alasiri huwa yamegeuka rangi. Muuza kahawa sasa ana ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia anayoibadilisha baada ya kila swala, na anayekohoa anapewa kikombe cha pembeni bila kutangaziwa. Wazee walinung'unika siku mbili tatu, wakazoea.

Kwa anayetaka kwenda: fika kabla ya saa tatu asubuhi, hasa Jumatatu, ili uwahi kivuli. Chukua kadi ya kliniki ya mtoto, chupa ya maji ya kunywa na kitambaa safi. Mtoto wa chini ya miaka mitano hakulipiwa chochote katika ziara yetu, wala mama mkwe aliyevuka miaka sitini. Mimi nililipa ada ya kawaida. Ukutani karibu na meza pamebandikwa namba 199 ya Wizara ya Afya, ambayo kuipiga ni bure, kwa anayetaka kuuliza kwanza kabla ya kutoka nyumbani. Kama una mjamzito au mtoto mchanga asiyeumwa anayekwenda kliniki tu, sasa ninaweza kukwambia umpeleke, jambo ambalo mwaka jana nisingelisema. Omba kadi nyeupe, ukae karibu na dirisha la kaskazini. Wavu wake ulitolewa mwezi wa Mei, ukasuguliwa kwa brashi na sabuni ya unga, na upepo unapita.

Nilipopita pale Jumatatu iliyopita nikipeleka sare ya mteja, nguzo nne za mikoko zilikuwa zimekwisha kuchimbiwa upande wa mashariki wa mwembe. Turubai bado.